Mjadala: Wachimbaji wadogo wa Nzega wanyang'anywe sayanaidi?

Wakuu, salaam. Kuna hoja inazunguka hapa Nzega kwamba sayanaidi, ile kemikali ya sumu ya kutolea dhahabu, ibaki kwa migodi mikubwa tu. Mimi napinga.

Zebaki tunayoishika kwa mikono mwaloni, pale tunapooshea dhahabu, mara nyingi huacha zaidi ya nusu ya dhahabu kwenye marudio, yaani mchanga unaobaki. Sayanaidi ya sodiamu, yale mabonge meupe, huitoa karibu yote: huyeyuka majini, huishika dhahabu kwa msaada wa oksijeni, kisha kaboni (mkaa maalumu) huinyonya. Na sayanaidi iliyobaki, jua na hewa huivunja taratibu. Zebaki haivunjiki, huishia kwenye samaki.

Hatari ya sayanaidi naijua. pH ya tanki (kipimo cha asidi, kikishuka asidi imezidi) ikishuka chini ya 10, sayanaidi huanza kutoka kama hewa inayoua kwa dakika chache. Chokaa, inayopandisha pH, ndiyo kinga. Juzi nilikuta kijana kwenye planti anamwaga chokaa kwa koleo, anakisia tu, karatasi za kupimia zimeisha. Nikamuuliza utajuaje ikipungua? Akasema, "Kwa harufu." Harufu ile ya lozi chungu wapo wasioisikia kabisa!

Cha kupiga marufuku ni kuloweka marudio yaliyopita kwenye zebaki kabla haijatolewa. Sayanaidi huiyeyusha zebaki pia, ikasafiri na maji. Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2020, unataka kazi hiyo ikomeshwe.

Mchangiaji wa Igunga: Kaka, wewe hukai jirani na bwawa la maji ya sayanaidi. Mwaka 2000 kule Baia Mare, Romania, bwawa la mgodi lilipasuka, maji yenye sayanaidi kama mita za ujazo 100,000 yakaua samaki mpaka Hungaria. Hao ni kampuni, wana wataalamu. Huku kwetu turubai la bwawa lilitoboka, mbuzi wetu wawili wakanywa, hawakufika nyumbani. Nani atakagua chokaa yenu?

Mwanzisha mada: Pole sana dada. Hapo umenibana. Planti isiyo na uzio, au iliyo karibu na kisima, ifungwe leo, sitaitetea. Ila tukifunga zote, marudio yatalowekwa usiku nyuma ya nyumba, bila chokaa, watoto wamelala chumba cha pili. Kwa ukaguzi napendekeza kila planti ipimwe pH asubuhi na jioni, daftari likae getini, na jirani yeyote aruhusiwe kulisoma. Wewe ungekubali kuwa msomaji wa kwanza?