Kuimba kwaya kanisa la Episcopal, Marekani

Kutoka: Dada wa Muyeye, Malindi

Hamjambo ndugu. Nasafiri Julai kwenda Maryland, kazi ya uuguzi. Hapa nyumbani nasali ACK, kanisa la Kianglikana la Kenya, na kwenye kwaya naimba sauti ya pili. Karibu na nitakapokaa kuna kanisa la Episcopal. Je, ndilo letu? Na kwaya yao mtu huingiaje?

Kutoka: Kaka wa Shella (niko Malindi kwa likizo)

Dada, hao ndio Waanglikana wa Marekani, ila ujue kuna mvutano. Mwaka 2003 walipomweka wakfu Gene Robinson, aliyekuwa akiishi na mwanamume mwenziwe, kuwa askofu wa New Hampshire, viongozi wa ACK walipinga vikali. Mwaka 2007 maaskofu wa Wamarekani waliojitenga waliwekwa wakfu hapo Nairobi. Kwa hiyo utakuta na makanisa ya Kianglikana yasiyo ya Episcopal. Soma kibao cha nje, kisha uamue mwenyewe. Mimi nasali Episcopal, na Meza ya Bwana hunikaribisha kama mbatizwa yeyote.

Sasa muziki. Makanisa mengi yana ibada mbili. Ile ya asubuhi mapema mara nyingi haina wimbo hata mmoja, watu husoma sala na kwenda zao. Wewe nenda ya pili. Tena ukifika Julai usikate tamaa ukikuta viti vya kwaya vitupu: kwaya nyingi hupumzika majira ya joto na kurudi Septemba.

Kitakachokusumbua ni nota. Sisi tumelelewa na solfa, mwalimu anaandika d r m ubaoni na kazi inakwisha. Kitabu chao cha nyimbo cha 1982 kina nota za mistari mitano tu. Nyimbo ni 720, lakini zile za liturujia ziko mwanzoni na nambari zake zinatanguliwa na herufi S. Ukiona S 280 ukafungua wimbo wa 280, utaimba peke yako. Anza na 362, Mtakatifu, Mtakatifu, Mtakatifu: sauti ni ileile ya huku, basi fuata nota kwa kidole huku ukiimba solfa kichwani. Ndivyo nilivyojifunza.

Zaburi nazo zina mtindo wao. Maneno saba, manane hubebwa na nota moja, halafu sauti inageuka mwishoni mwa mstari. Hakuna ngoma ya kukushika mkono, unapumua pamoja na jirani yako. Mwanzoni niliona kama usomaji uliopotea njia. Siku hizi ndiyo sehemu niipendayo kuliko zote, hata kuliko kinanda chao kikubwa.

Kayamba sahau, vigelegele pia, na mnada wa kuku baada ya ibada haupo! Mahubiri dakika kumi na tano hivi, halafu kahawa ukumbini. Hapo kwenye kahawa mtafute mwalimu wa kwaya, umwambie unaimba sauti ya pili. Makanisa madogo hawakupimi sauti, wanakupa joho na siku ya mazoezi, aghalabu jioni ya katikati ya wiki. Makubwa yana waimbaji wa kulipwa, huko huenda ukaombwa uimbe kidogo kwanza.

Kutoka: Mama wa Kisumu Ndogo

Mwanangu, kabla hujaondoka mwombe padre barua ya kukutambulisha, na cheti cha ubatizo na cha kipaimara vitoe nakala. Kutafuta karatasi hizo ukiwa ng'ambo ni kusumbua watu. Na zamu za usiku je? Muuguzi mgeni hupewa zamu ambazo wenyeji wamezikataa. Mwambie mwalimu wa kwaya mapema.

Kutoka: Dada wa Muyeye

Shikamoo Mama, nashukuru. Kaka, hicho kitabu cha 1982 unacho hapo Shella? Nipigie picha ukurasa wa wimbo wa 362 na wa zaburi moja, nianze wiki hii.

Kutoka: Kaka wa Shella

Ninacho. Pitia kesho baada ya Magharibi, ukae nacho mpaka nitakaporudi. Penseli tu lakini, kalamu hapana.