Tupeane uzoefu: uliyefanya kazi ya mshahara kiduchu kwenye kampuni yenye faida ya mabilioni, ilikuwaje?

KibaruaMstaafu
Wakuu, jana asubuhi foleni imenikamata Vingunguti, nikawaona vijana getini kwa kiwanda kimoja wanasubiri deiwaka. Supavaiza katoka, kanyoosha kidole: wewe, wewe, na yule mwenye fulana nyekundu. Waliobaki wakageuza kwa miguu. Na mimi nimesimama sana geti kama lile, harufu ya plastiki inayoyeyuka ikanirudia puani. Bidhaa za hawa jamaa unazikuta mpaka Lubumbashi. Je, wana deni kwetu, au tulilipana jioni ile ile yakaisha? Leteni yenu.

Mama Wawili
Elfu tano kwa siku, humo humo unakatwa ya chakula. Wali maharage, na maharage yenyewe ya kuhesabu. Nakazia.

Rungu la Usiku
Umenigusa pabaya mkuu. Mimi nililinda tawi la benki hapa Dar, silitaji. Mwajiri wangu si benki, ni kampuni ya ulinzi, na hapo ndipo mchezo ulipo. Amri ya mishahara ya 2022 iliweka kima cha chini cha taasisi za fedha 592,000, kampuni ndogo ya ulinzi 148,000. Keshia yuko ndani ya kioo, mimi niko nje ya kioo hicho hicho. Buti na koti nilikatwa kwenye mshahara wa kwanza, na koti lenyewe lilikuwa na jina la mtu mwingine kwa peni kwenye kola.

Benki kila robo mwaka inatoa hesabu zake gazetini, ni lazima kwao. Mama wa chapati pale nje alikuwa anafungia magazeti. Siku hiyo chapati yangu ikaja na ukurasa wa "faida baada ya kodi". Nilianza kuhesabu sifuri, mafuta yakaloanisha karatasi, nikaacha.

Wiki hiyo mwanangu alikuwa amelazwa. Niliomba advansi ya elfu hamsini, ofisa akanijibu mwezi bado mchanga. Kesho yake mteja anapanda gari, bahasha ya kaki ikamdondoka. Nikaikanyaga na buti. Gari likaondoka. Nikainama kama nafunga kamba, nikachungulia: mabunda ya elfu kumi kumi, bado yana utepe wa benki. Jamani, nilisimama pale nikiwaza dripu, nikiwaza mke wangu atakula nini wodini, mguu nimeshindwa kuunyanyua. Mwisho nikamwita meneja wa tawi.

Mteja alirudi analia, akanikumbatia, hata ya soda akasahau. Meneja akanipa kofia na kalenda ya benki, tukapigwa picha, ikabandikwa kwenye ubao: UADILIFU. Advansi haikutoka. Shemeji yangu ndiye aliyeuza vitenge vyake mtoto akaruhusiwa.

Dogo Chalii
Mabunda mangapi mkuu?

Mzaramo Halisi
Mangapi swali gani hilo? Mtu kakuambia mtoto kalazwa.

Dogo Chalii
Nauliza tu. Mimi buti lingebaki pale mpaka zamu iishe.

Ustadh wa Temeke
Umefanya la haki ndugu yangu, Mola atakulipa.

Mama Wawili
Atamlipa, sawa. Na benki je? Kila mlinzi akipunjwa anatumwa kwa Mungu, wenye hesabu zao hawaguswi.

Ustadh wa Temeke
Usichanganye mambo dada. Sijasema asidai.

Bosi Mdogo
Ngoja niseme nitukanwe. Nina kampuni ya ulinzi. Tenda inatangazwa, anashinda mwenye bei ya chini. Nikiweka mlinzi laki tatu kwenye hesabu zangu, mwenzangu anaweka laki na nusu, kazi anachukua yeye. Hao wa kwenye gazeti ndio wanaobana, mimi ndiye ninayeitwa mnyonyaji. Na kumbukeni mlisaini wenyewe, hakuna aliyeshikiwa bastola.

KibaruaMstaafu
Hapo kwenye tenda nakuelewa. Basi benki iandike kwenye mkataba mlinzi apate si chini ya kiasi fulani mkononi, muanze kushindana kwa mengine. Wakitaka jenereta bora mbona wanaiandika mpaka rangi? Hilo la kusaini liache.

Rungu la Usiku
Na lile koti nalo liko kwenye tenda?

Kijana wa Kericho
Huku kwetu kwa chai tulikuwa tunalipwa kwa kilo. Vile tu tulianza kelele ya pesa, mashine zikaletwa zikachuna. Sasa wanasema mshukuru hata mko na kazi. Poleni ndugu zetu.

Niko Doha
Hapa tangu Machi 2021 kima cha chini ni riyali 1,000, na mwajiri asipokupa malazi anaongeza 500, chakula 300. Si nyingi, ila sheria haiulizi wewe ni mlinzi au mfagizi. Ulizeni wakala kabla hamjapanda ndege.

Kada Msomi
Watu hawasomi sheria. Sheria ya Ajira ya 2004: saa 45 kwa wiki, zinazozidi ovataimu mara moja na nusu, na kuanzia saa 2 usiku mpaka saa 12 asubuhi kuna nyongeza ya asilimia 5. Nenda CMA, ile tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, ukiachishwa una siku 30 za kufungua shauri, madai mengine 60. Halafu Januari 2026 wastani wa kima cha chini sekta binafsi umetoka 275,060 hadi 358,322.

Mzaramo Halisi
Wastani huo haulipi kodi ya chumba Mbagala. Mtu aangalie jedwali la sekta yake.

Dogo Chalii
CMA ukienda, kampuni zote mjini zinakujua. Kopa bodaboda.

Mama Wawili
Bodaboda ya mkataba? Hapo umebadilisha bosi tu.

Kinda wa Mgambo
Samahani wakuu kwa kuingilia. Mwenye kujua kampuni inayochukua walinzi sasa hivi anisaidie. Nina cheti cha mgambo, nipo Mbagala, usiku sina shida.

Bosi Mdogo
Njoo inboksi mdogo wangu. Koti unalo?