Naomba ushauri: mdogo wangu anashtuka kila honi ikilia

Hamjambo wenzangu. Mdogo wangu ni mtu wa bodaboda hapa Kondele, Kisumu. Huu ni mwezi wa pili tangu lori limrushe mtaroni. Mguu umepona, lakini mwenyewe bado. Jana matatu ilipiga honi, kikombe cha chai kikamponyoka, mikono ikatetemeka mpaka nikamshika. Saa tisa usiku yuko macho, moyo unamdunda.

Daktari alinieleza, nami nikasoma zaidi. Mtu akipatwa na msongo, haipothalamasi, sehemu ndogo ndani ya ubongo, hutoa homoni iitwayo CRH. Homoni hiyo huchochea seli za neva za lokasi seruliasi, kidoa cha samawati kwenye shina la ubongo, nazo humwaga kwa wingi noradrenalini, kemikali inayouamsha mwili. Nilivyoelewa, ndiyo maana mwili unakaa chonjo hata hatari ikishapita. Basi si woga, wala hajarogwa kama majirani wanavyonong'ona. Maneno hayo yameniuma sana.

Aliyepitia haya anisaidie: ushauri nasaha ulitosha, au ilibidi mtumie na dawa? Mama anataka pikipiki iuzwe. Mimi nasita, maana ndiyo riziki yake.