CR-V ya 2003 na boti ya mita tano: nikokote, nibadilishe gari, au boti ilale majini?

Nanga
Wakuu, naombeni mawazo kabla sijatoa hela. Nina Honda CR-V ya 2003, injini ya lita 2.0, otomatiki, imetembea kilomita 210,000 na injini haijawahi kufunguliwa. Nimepata boti ya fiba ya mita tano, ina injini ya nje ya farasi 60, na inauzwa pamoja na tela lake la ekseli moja lisilo na breki. Muuzaji anasema boti ni kilo 450 tu. Kutoka nyumbani hadi majini ni kilomita 38, njiani kuna mlima mmoja mrefu, na mwisho kuna mteremko wa zege wa kushushia boti.

Naona njia tatu. Ya kwanza, niikokote na gari hilihili. Ya pili, niuze CR-V nichukue gari kuukuu lenye misuli zaidi: Grand Vitara, RAV4 ya V6 (injini ya silinda sita), au hata Cherokee ya zamani. Ya tatu, boti ilale majini mwaka mzima na gari nisilitese. Nimesoma mahali kwamba CR-V inavuta 1,500, ndiyo maana nimepata moyo. Nyie mliokwisha kufanya, mngeshika ipi?

Mzani
Ndugu Nanga, anza na hiyo 1,500 yako. Kitabu cha Marekani cha gari hilo kinasema 1,500, lakini ni ratili, yaani kilo 680. Vitabu vya Ulaya hufika kilo 1,500, ila kwa tela lenye breki zake. Tarakimu zinafanana, vipimo ni viwili tofauti, na watu wengi wamejikwaa hapo.

Na kilo 450 za muuzaji ni za ganda tupu. Tuhesabu pamoja:

Ganda 450. Injini ya farasi 60 ya mipigo minne, 115 hivi. Mafuta lita 60, na petroli ni kama kilo 0.75 kwa lita, kwa hiyo 45. Betri 20. Nanga, kamba, majaketi, kasha la barafu, vifaa vya uvuvi, weka 60. Tela lenyewe 260.

Jumla kilo 950, na hapo hujapakia mtu garini.

Sasa huna breki kwenye tela. Uingereza, kwa mfano, tela lisilo na breki haliruhusiwi kuzidi kilo 750 wala nusu ya uzito wa gari linalolivuta, ile iliyo ndogo kati ya hizo mbili. Gari lako ni kilo 1,450 na ushee, nusu yake ni 725. Kwa kipimo chochote utakachoshika, umeshapita.

Usukani
Mzani yuko sahihi kwenye hesabu, lakini wakuu tusimtishe mwenzetu. Injini ya lita 2.0 italivuta hilo tela. Nimeona watu wakivuta mazito zaidi kwa magari madogo zaidi.

Mzani
Kulivuta italivuta, kaka, hapo hatubishani. Swali ni nani atalisimamisha. Nguvu ya mwendo hukua kwa mraba wa kasi: ukitoka 80 kwenda 100 kwa saa, breki zina kazi mara moja na nusu na zaidi ya ile ya mwanzo. Breki za CR-V zilitengenezwa kwa CR-V na abiria wake, na wewe umewaongezea karibu kilo elfu zinazosukuma kwa nyuma. Ukiwa unashuka mlima ule, pedi zikipata moto pedali inazama na gari haliitikii. Mtu aliyewahi kuliona hilo mara moja halisahau.

Fundi wa Gia
Nimefungua giaboksi nyingi za otomatiki zilizokufa kwa kukokota. Karibu zote dalili ni ileile: mafuta meusi yenye harufu ya kitu kilichoungua, na klachi za ndani zimekuwa kama karatasi iliyobabuka.

Joto ndilo linaloua. Kati ya injini na giaboksi ya otomatiki kuna toki konveta, na nguvu hupita humo kwa mafuta yanayosukumana. Ukipanda mlima polepole na mzigo, konveta haifungi, yaani haishikani moja kwa moja na injini, inateleza muda wote, na kila mtelezo unageuka joto. Kanuni tunayoifuata karakana ni kwamba mafuta ya giaboksi yakivuka nyuzi 80 za Selisiasi, kila nyuzi 10 zinazoongezeka zinakata maisha yake nusu. Giaboksi ya kilomita 210,000 haina akiba ya kuchezea.

Kwa hiyo ukiamua kukokota na CR-V, hata tela dogo, fanya haya kwanza. Badilisha mafuta ya giaboksi, tumia aina inayotajwa na Honda na si nyingine. Funga kipozeo cha ziada cha mafuta hayo mbele ya redieta. Angalia redieta yenyewe, pampu ya maji na thamostati. Gari kuukuu linaweza kuishi miaka na redieta iliyoziba nusu, siku ya kukokota ndiyo utaijua. Ukifika mlimani zima gia ya juu kwa kile kitufe cha kwenye mkono wa gia, gari lisihangaike kupanda na kushuka gia kila dakika. Kushuka, shuka kwa gia ya chini, breki ziguse na kuachia.

Na kama utabadilisha gari, kaa mbali na otomatiki za mkanda, yaani CVT, zilizotumika sana. Kompyuta yake ikiona joto hupunguza nguvu katikati ya mlima ili kujiokoa, na wewe una boti nyuma.

Usukani
Basi niseme la magari, maana hapo nina uzoefu. Nimekokota boti miaka sita na Jeep Cherokee ya 1998, ile ya umbo la sanduku, injini ya lita 4.0 silinda sita za mstari. Ikiwa na vifaa vyake vya kukokotea kutoka kiwandani imeandikiwa ratili 5,000, kama kilo 2,270. Ina ekseli nzima nyuma na gia za chini za 4x4. Kwenye mteremko wa kutolea boti majini unaweka gia ya chini na gari linapanda bila kukanyaga mafuta kwa nguvu. Hakuna gari nililolipenda zaidi kwa kazi hiyo.

Ila niseme na ubaya wake. Inakunywa mafuta kila siku, si siku ya boti tu. Mfumo wake wa kupooza ni dhaifu. Nimebadilisha redieta mara mbili na klachi ya feni mara moja. Na ya mwisho ilitoka 2001, kwa hiyo hata ukipata nzuri, bodi lake huenda limeshaliwa kutu kwa chini. Kabla ya kufunga chuma cha kukokotea ingia chini na nyundo ndogo, gonga pale zinapokaa bolti. Ukisikia mlio mzito uliokufa, ondoka.

Grand Vitara ya 2006 na kuendelea ndiyo ningekushauri wewe. Fremu imejengwa ndani ya bodi, nguvu inaanzia magurudumu ya nyuma, na nyingi zina gia za chini. Ya V6 imeandikiwa ratili 3,000 Marekani, kilo 1,360. RAV4 ya V6 ya 2006 hadi 2012 inapanda hadi ratili 3,500 ikiwa na vifaa vya kukokotea, na ni nyepesi sana kuendesha, lakini haina gia za chini.

Na tela likianza kupunga mkia barabarani, kanyaga mafuta kidogo, linanyooka lenyewe.

Mzani
Kaka Usukani, kwa heshima zote, hilo la mwisho naomba tusilimwachie mtu mgeni. Tela hupunga kwa sababu kasi imezidi kile lilichopangiwa. Ukiongeza mwendo, huenda likanyooka mara tatu, mara ya nne likakulaza. Ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani imara bila kuupigisha huku na huku, usikanyage breki ya gari ghafla, acha mwendo ufe. Kama tela lina breki za umeme zenye swichi yake, ziguse hizo peke yake.

Halafu simama utafute chanzo, na kwa boti chanzo karibu kila mara ni uzito wa shingoni, yaani ule ambao pua ya tela inaliegemezea gari. Injini ya nje inaning'inia nyuma kabisa, inanyanyua pua ya tela. Wamarekani wanataka asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa tela ikae kwenye kile kidude cha chuma cha mviringo cha kukokotea nyuma ya gari. Ulaya wanaridhika na chini ya hapo, lakini kasi za kukokota huko ni ndogo. Ndiyo sababu moja ya gari lilelile kuwa na viwango viwili, na ndiyo maana huwezi kuchukua namba ya Ulaya ukaendesha kwa mwendo wa Marekani.

Kwa CR-V mwisho wa shingoni kwa kitabu cha Marekani ni ratili 150, kilo 68. Boti ya kilo 950 inahitaji 95. Ukiweka 95 unalikalisha gari kwa nyuma, magurudumu ya mbele yanapoteza mshiko, na CR-V huanza kuvuta kwa mbele. Magurudumu ya nyuma huitwa kusaidia baada ya yale ya mbele kuteleza. Ukiweka 60, tela linapunga. Hakuna pa kutokea.

Kusi
Habari zenu ndugu zangu. Mimi sina gari kubwa, nina CR-V kama ya Nanga na nimetulia nayo. Boti yangu ni ya alumini, mita nne, injini farasi 20. Na tela lake, mafuta na vitu vyote ni kilo 340. Gari linasimama kama kawaida na mlimani siwakeri walio nyuma.

Lakini, Nanga, mbona hakuna aliyekutajia beringi za tela? Safari yangu ya pili nilifika majini, beringi zimepata moto, nikashusha tela papo hapo. Chuma cha moto kikiingia maji baridi, hewa ya ndani inasinyaa na kunyonya maji kupitia sili. Wiki tatu baadaye gurudumu la kushoto likaanza kunguruma nikiwa barabarani, kilomita 11 kutoka nyumbani. Nilipofungua, grisi ilikuwa nyeupe kama maziwa na beringi imekatika. Nilikaa pembeni ya barabara hadi usiku na mtoto wa miaka saba. Tangu siku hiyo nasubiri nusu saa kabla ya kushusha, nagusa kitovu cha gurudumu kwa mkono, na nachomoa plagi ya taa za tela ili balbu za moto zisipasuke majini.

Kuhusu kuilaza majini: niliifanya mwaka mmoja. Gari linapumzika kweli, lakini wewe hupumziki. Chini inaota majani na chaza, inabidi ipakwe rangi maalumu ya kuzuia viumbe, na mvua kubwa ikinyesha usiku hulali unawaza kama pampu inafanya kazi au betri imekufa. Injini ya nje ikiachwa imezama kwenye maji ya chumvi inaliwa.

Nanga
Asanteni sana wote. Nilimwomba muuzaji tupitishe tela kwenye mizani ya malori, akakubali. Mafuta hayakuwemo, vifaa vya uvuvi havikuwemo. Kwa hesabu ya Mzani nilitegemea 845. Mizani ikasema 930. Shingoni, tulipima kwa mizani ya bafuni iliyowekwa juu ya tofali, ni kilo 38 tu.

Hizo 85 za ziada zimetoka wapi?

Mzani
Maji. Povu gumu la kuelea (foam) lililojazwa chini ya sakafu limenyonya. Chomoa kizibo cha nyuma, inua pua, subiri. Kisichotoka ndicho kilichomo ndani ya povu hilo, na hicho hakitoki mpaka sakafu ing'olewe. Na 38 kwa 930 ni asilimia nne. Hilo tela lingepunga siku ya kwanza.

Fundi wa Gia
Iache, ndugu.

Nanga
Nimeiacha. Nimeongea na mtu mwingine mwenye ya alumini ya mita 4.2, injini farasi 25, na tela limepimwa na kila kitu: 390. CR-V inabaki, kipozeo nakifunga wiki hii. Dada Kusi, beringi unaweka grisi gani?

Kusi
Ya baharini, ile isiyosafishwa na maji, na usiichanganye na ya zamani. Fungua, osha kwa mafuta ya taa hadi chuma king'ae, kausha kabisa, jaza kwa kiganja hadi itokee upande wa pili. Sili weka mpya kila unapofungua. Tairi nazo soma zile tarakimu nne ubavuni, mbili za mwanzo ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka. Tela hukaa bila kutembea, tairi linazeeka na meno yake yote. Ukimaliza, zungusha gurudumu kwa mkono ukisikiliza.