Deni la zamani kwenye ripoti ya mikopo: kuweka pingamizi, kulipa, au kusubiri lifutike?

Msafiri_wa_Mbali: Habari za wakati huu, wanajukwaa. Mimi na mwenzangu hapa Marekani tunajiandaa kuomba mkopo wa nyumba, lakini kwenye ripoti yangu kuna deni la zamani lililouzwa kwa kampuni ya kukusanya madeni. Je, niweke pingamizi kwa Equifax, Experian na TransUnion, zile taasisi tatu zinazotunza ripoti za mikopo, nilipe kwa sharti la kufutiwa, au nikae kimya hadi muda wake uishe?

MamaTumaini: Ndugu yangu, umeuliza nauli bila kusema unakokwenda. Uko jimbo gani, ni deni la nini, ni kiasi gani, na ulianza kuchelewa lini? Deni la matibabu lililoanzia chini ya dola 500, kwa mfano, halionyeshwi tena kwenye ripoti hizo tangu Aprili 2023.

Bwana_Hesabu: Mimi nasimama na pingamizi. Sheria ya ripoti za mikopo ya mwaka 1970 inazipa taasisi hizo kwa kawaida siku 30 za kuchunguza, na zisichoweza kukithibitisha hulazimika kukifuta. Andika barua, uambatanishe nakala za vielelezo na uitume kwa rejista, kwa sababu fomu ya mtandaoni haikupi nafasi kubwa ya kujieleza.

Mbeba_Box_Ohio: Pingamizi lina upande wa pili. Mwaka tuliotafuta nyumba, mke wangu alielekezwa kwa mtu anayejiita msafishaji wa ripoti, ambaye alidai malipo yote mapema, ingawa sheria ya shirikisho ya mwaka 1996 inakataza kulipisha kabla kazi haijakamilika. Aliandika barua za kunakili akidai kwamba kila deni si la mke wangu, likiwamo ambalo mkataba wake ulikuwa na sahihi yake. Majibu yakarudi kwamba deni limethibitishwa, na mbaya zaidi, kwenye akaunti ile ikabaki alama ya kwamba mteja anapinga. Tulikuwa tunaomba mkopo wa FHA, yaani wa nyumba wenye dhamana ya serikali ya shirikisho, ambao madeni mabaya yanayopingwa, yasiyo ya matibabu, yakifikia jumla ya dola 1,000, faili hutolewa kwenye uamuzi wa kompyuta na kupitiwa na afisa kwa mkono. Tukaanza kuandika barua nyingine za kuondoa pingamizi, na muuzaji hakutusubiri.

Mzee_Kibao: Dawa ya deni ni kulipa. Kama deni ni lake, anapinga nini?

Bwana_Hesabu: Shikamoo, mzee wangu. Anaweza kulikiri deni na bado akapinga tarehe au kiasi. Isitoshe, katika mifumo ya zamani ya FICO, inayompa mkopaji alama za uaminifu wa kukopa, ambayo wakopeshaji wengi wa nyumba wanaitumia, deni likilipwa bado huendelea kuumiza alama, na katika majimbo mengi hata malipo kidogo huanzisha upya muda wa kushtakiwa.

MamaTumaini: Majimbo mengi, si yote. Texas, ambako muda wa kushtaki ni miaka 4, ina sheria tangu 2019 kwamba aliyenunua deni lililopitwa na muda hawezi kulifufua kwa sababu mdaiwa amelipa kidogo. Ndiyo maana niliuliza jimbo, na bado sijajibiwa.

Msafiri_wa_Mbali: Samahani, dada, nilikuwa kazini. Niko Houston. Ni deni la simu, dola 1,340, na niliacha kulipa Machi 2019. Ripoti mbili zinaonyesha tarehe hiyo ya kuchelewa, lakini ya tatu inaonyesha Juni 2021.

MamaTumaini: Hilo ndilo ungeanza nalo! Juni 2021 huenda ni tarehe waliyonunua deni, na kuuzwa kwa deni hakuanzishi hesabu upya. Miaka 7 ya deni kukaa kwenye ripoti huhesabiwa kuanzia siku 180 baada ya kuchelewa kwa mara ya kwanza, kwa hiyo mwisho wake ni Septemba 2026. Ipinge tarehe hiyo moja, kwa taasisi hiyo moja, ukiambatanisha bili ya mwisho.

Mbeba_Box_Ohio: Asubiri kwanza. Dola 1,340 zimevuka ile 1,000 niliyoisema. Je, mkopo ni wa FHA?

Msafiri_wa_Mbali: Aina ya mkopo bado hatujaamua.

Mzee_Kibao: Marahaba, Bwana Hesabu. Ningekuwa mimi, ningewapigia wakusanyaji, tukapatana kiasi, wakaniandikia kwamba watafuta, ndipo nilipe.

Bwana_Hesabu: Waandike kwanza, mzee, maana kufuta si wajibu wao. Mimi barua ya tarehe ningeituma wiki hii, kabla mkopeshaji hajafungua faili.

Mbeba_Box_Ohio: Nami ningemuuliza mkopeshaji kabla ya kununua hata bahasha.