Naombeni ushauri: kituo cha kurisiti PCB (Fizikia, Kemia, Biolojia), lengo ni MD (digrii ya udaktari)

Dada Mkubwa Moro: Habarini ndugu zangu. Mdogo wangu kamaliza kidato cha sita mwaka huu: Biolojia C, Fizikia D, Kemia E. Tulipojumlisha tukapata pointi 6, mama akapiga vigelegele maana MD inataka pointi 6. Kumbe kila somo lazima liwe na D kwenda juu, hiyo E ya Kemia imetufungia. Anataka kurisiti Mei mwakani. Kuna kituo Dar, cha bweni, bango limejaa picha za makoti meupe. Kingine hapa hapa Morogoro, masomo ya jioni, mwalimu mmoja wa Kemia na wanafunzi 14. Hela niliyodunduliza kwa kuuza vitenge inatosha kimoja tu. Nimpeleke wapi?

Koki ya Bureti: Poleni sana dada. Achana na bango, kaangalie maabara. Mimi nilirisiti Kemia kwenye kituo chenye bureti tatu (mirija ya kupimia kimiminika), sisi tuko 40. Mwalimu anafanya taitresheni (kudondosha asidi kwenye besi na kupima) mbele, sisi tunanakili vipimo vyake. Siku ya pepa 3, ile ya vitendo, mkono ulinitetemeka, methyl orange (rangi ya kuonyesha pa kuishia) ikawa pinki kabla sijafunga koki. Mwaka ukaenda hivyo. Usikubali kuambiwa "vifaa vipo", ingia uvione.

Ticha Kemia: Nafundisha A-level. Kwanza jueni hiyo E imetoka wapi. Wengi Kemia ya ogani wanaikariri ikakaa, wanaangushwa na hesabu za physical chemistry. Afanye pepa moja ya zamani, saa tatu, bila daftari, ampelekee huyo mwalimu wa Moro aisahihishe. Ikirudi na jumla ya alama peke yake, ondokeni. Ikirudi na wino mwekundu unaoonyesha kila alama ilipopotelea, hapo mmepata mwalimu. Na muulize mapema pepa za vitendo atafanyia wapi, maana sehemu nyingi za kufundishia si vituo vya mtihani vya NECTA (Baraza la Mitihani).

Tabibu wa Zamu: Njia ya CO (clinical officer, tabibu) nayo ipo. Diploma ya Clinical Medicine miaka 3, akitoka na GPA ya 3.0 anaomba MD. Mimi nimepita huko. Ni mzunguko, lakini niliingia chuo mishipa ya wagonjwa naijua kwa vidole.

Dada Mkubwa Moro: Mungu awabariki. Hiyo ya CO nimemwambia, kasema ajaribu Kemia kwanza. Jana jioni nilikwenda pale kituo cha Moro. Mwalimu kanifungulia kabati mwenyewe: bureti saba, zimeoshwa, zimepangwa. Kwenye meza kulikuwa na karatasi ya binti mmoja, pembeni kaandikiwa "umesahau kubadili cm³ kuwa dm³, rudia". Nimelipa muhula mmoja. Kesho asubuhi dogo anafanya pepa ya 2019 kwenye meza ya mama, nami nitamshikia saa.