Kupitisha kamba juu ya mahogani: mkono, manati ya mpini mrefu au upinde?

MbeguMasindi
Habarini wakwezi. Tunakusanya mbegu za mahogani pembezoni mwa msitu wa Budongo, Uganda. Matunda yakishapasuka mtini, mbegu zenye bawa zinakwenda na upepo, kwa hiyo lazima tukwee kabla hayajafunguka. Tawi la kwanza liko mita 20 na zaidi, shina halikumbatiki. Vijana wanarusha kwa mkono kifuko kizito kilichofungwa uzi, kipite juu ya tawi ili uzi uvute kamba, mpaka bega linakufa ganzi. Pesa iliyopo ni ya kifaa kimoja. Manati ya mpini mrefu au upinde?

KambaJuu
Manati, ndugu yangu. Natumia Big Shot ya SherrillTree, Marekani. Mpini ni vipande viwili vya fiberglasi, kila kimoja kama mita 1.2, na juu kuna panda ya chuma yenye mipira. Unasimika kitako cha mpini ardhini, unachuchumaa, unavuta kifuko chini kwa mikono miwili, kisha unainamisha mpini kidogo kidogo mpaka panda ielekee pengo unalolitaka kwenye majani. Kifuko cha gramu 280 hadi 340 kinapita mita 30. Lakini mimi naipendea kitu kingine: ukivuta kiasi kilekile, kifuko kinakwenda palepale. Ukikosa kwa nusu mita, unajua la kurekebisha. Mkono uliochoka haukupi hilo.

Uzi ndio unaowashinda wengi. Usiuache kwenye magugu. Umwage kwenye ndoo pana au juu ya turubai, tabaka juu ya tabaka, wala usiuzungushe mkononi. Ukinasa kijiti wakati kifuko kimeshaondoka, unakatika au kifuko kinakurudia. Wote walio karibu wavae helmeti na miwani.

JakarandaKampala
Chini ya mita 15 mkono unatosha kabisa. Shika uzi kwa mikono miwili, kifuko kining'inie katikati ya miguu, bembea mara mbili tatu, achia. Manati kwenye makazi ya watu siipendi: kifuko kikipita mti kinaangukia bati la jirani au kioo cha gari. Na penye nyaya za umeme, usirushe chochote.

DadaKibale
Kaka Masindi, kwa miti ya mita 40 upinde unaishinda manati, na mshale unapenya majani ambako kifuko kinakwama. Ila mshale unavuta uzi mwembamba wa kuvulia tu. Huo ndio uvute uzi mnene, na uzi mnene uvute kamba, kwa hiyo kazi inaongezeka. Tena ukionekana na upinde msituni, askari atakudhania jangili kwanza. Kibali chenu kiutaje.

MbeguMasindi
Fundi wetu wa kuchomelea anasema ataunda panda, mpini uwe wa mwanzi, mipira ya tyubu ya baiskeli. Inafaa?

KambaJuu
Panda sawa, mwanzi mkavu usio na ufa sawa. Tyubu hapana, haina nguvu ya kurudi kwa kasi. Tafuta mrija wa mpira wa lateksi, uuweke mbali na jua, na kila asubuhi kagua pale unapofungwa, maana ndipo unapoanza kuchanika.

MzeeWaMabira
Wanangu, tawi lenyewe hamjalitaja. Anzeni na darubini: tawi liwe hai, nene, na litazamwe karibu na shina. Angalieni pia tundu lenye nyuki. Kamba ikilalia matawi matatu, hujui ni lipi linalokubeba, kwa hiyo vuta kifuko kirudi polepole mpaka kibaki juu ya moja, ndipo ukishushe. Ncha ya kamba ya kupandia ifungwe kwenye uzi kwa vitanzi vitatu vinne vilivyoachana, isiwe na kichwa cha kunasa. Kisha watu wawili waining'inie pamoja, miguu ikiwa karibu na ardhi. Tawi likilia, hata kidogo, hapandi mtu. Pitisheni kwingine.

MbeguMasindi
Shikamoo mzee, tumesikia. Tunachukua manati, fundi atupunguzie gharama kwenye panda, na kinachobaki kinunue darubini.